Maswali Yenu: Mbona muvi ya anga inatisha kuliko ya mzimu?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena kwa kupitia, kwamba Alien ya mwaka 1979 ni muvi ya kutisha iliyopanda chombo cha angani. Meseji zilivyomiminika utadhani nimegusa Simba na Yanga. Nimechagua zenye hoja. Zile za "Anko naipata wapi ya bure" nimeziruka, mnanijua.

Swali: Shikamoo Anko. Mi naomba kuelewa kitu kimoja. Alien ina chombo, ina roboti, ina kompyuta, ina sayari ya mbali. Star Wars nayo ina hivyo hivyo, tena viumbe wake wengine wana sura mbaya kuliko hata yule wa Alien. Sasa kwa nini moja naangalia huku nakula bisi zangu, na nyingine nimeiangalia saa nane mchana na bado nikamwita mdogo wangu aje akae na mimi? Ni damu au? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Damu siyo. Hebu irudie uone, mpaka ile saa ya chakula ambapo kitu kinatoka kifuani mwa Kane, mfanyakazi mmoja wa kile chombo, damu ni kama hamna kabisa, na bado we ushaanza kujikunyata kwenye kochi. Hata baada ya pale, wengi wanakufa kwa sekunde chache au nje ya kamera. Muvi za vita zinamwaga damu mara kumi zaidi na watu wanaziangalia sebuleni na watoto wao.

Mi msimamo wangu ni huu: stori ya sayansi au ya uchawi inageuka ya kutisha pale sheria za dunia yake zinapojulikana na upande wa pili tu, we huzijui. Kila saifai, yani stori ya sayansi ya kubuni, ina sheria ngeni, na fantasia vivyo hivyo, huo ndo utamu wenyewe. Lakini kwenye stori ya mapambano shujaa anafundishwa mapema, kuna mzee anamkalisha chini anamwambia hili linafanya hivi, lile usiliguse, af anaingia uwanjani. Kwenye ya kutisha anaijua sheria akiwa keshaivunja, mara nyingi mwili wake ndo unaomwambia.

Chukua ile baa ya kwenye Star Wars ya 1977. Imejaa viumbe wa kila sura, wenye pembe, wenye macho kama nzi, lakini wanafanya nini? Wanakunywa. Wanasikiliza muziki. Kuna wa kijani anakuja kumdai Han Solo deni la bosi wake. Deni, jamani! Nani asiyeelewa deni? Ukishajua mtu anataka nini, sura yake unaizoea ndani ya dakika moja.

Sasa njoo Nostromo. Ni chombo cha mizigo tu, wafanyakazi saba, wanavuta shehena ya madini kurudi duniani, na wawili wa kule chini kwenye mitambo, Parker na Brett, wanalalamikia malipo hata kabla stori haijachanganya. Kompyuta inawaamsha katikati ya safari kwa sababu imenasa ishara toka sehemu. Wanashuka, wanadhani kuna mtu anaomba msaada. Mwenzao mmoja, Ripley, anabaki kuichambua ile ishara na anaanza kuona kama vile siyo ya kuomba msaada, ni onyo, ila wenzake wameshatoka. Kane anarudi na dude limemkumbatia uso. Ripley anakataa kufungua mlango, anasema sheria ya karantini ni masaa 24, na we hapo unamuona ana roho mbaya, si ndiyo? Ash, mwanasayansi wao, anafungua. Unashusha pumzi, unasema afadhali, huyu ana utu.

Halafu mbele huko unakuja kujua Ash ni roboti, na kampuni ilishatoa agizo kwamba kiumbe kile kiletwe kwa gharama yoyote, wafanyakazi wakifa potelea mbali. Yani yule uliyemshukuru kwa utu wake ndo aliyekuwa anajua mchezo mzima, na mwenye roho mbaya ndo alikuwa anajaribu kuwaokoa. Hapo ndipo ulipomwita mdogo wako, hata kama we unadhani ulimwita kwa sababu ya meno.

Na angalia wanavyofungiwa milango mmoja mmoja. Wanajaribu kulikata lile dude usoni, damu yake ni asidi, inatoboa sakafu hadi ghorofa za chini, kwa hiyo hata kulipiga risasi ni kujitoboa chombo chenyewe. Wana kifaa kinacholia kitu kikitembea, ila hakisemi ni kitu gani, wanakifuata kwa kunyata wanakuta paka. Kila wanachojifunza kinawaondolea silaha moja. Kwenye stori ya mapambano ingekuwa kinyume, kila somo linaongeza silaha.

Swali: Anko ni kweli aliyevaa lile vazi la Alien alikuwa Mwafrika? Huku kijiweni tumebishana mpaka watu wamenuniana. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kweli kabisa, aliyenuna asalimu amri. Aliitwa Bolaji Badejo, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, alikuwa anasoma mambo ya ubunifu wa michoro London, na alionwa baa na mtu wa kutafuta waigizaji. Urefu wake ulikuwa kama mita 2.08 hivi, mwembamba, miguu mirefu mno. Ridley Scott, muongozaji, alikuwa anatafuta umbo ambalo ukiliona huwezi kusema aa, yule jamaa kavaa mpira. Wakampa na mazoezi ya tai chi ili ajifunze kutembea polepole isivyo kawaida ya binadamu. Vazi lenyewe lilibuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger. Badejo alifariki 1992, na muvi kubwa ni hiyo moja tu, wala hakuendelea na uigizaji.

Na hii inaingia kwenye mada. Kiumbe yule anaonekana dakika chache tu muvi nzima, tena vipande vipande, mkono, mkia, taya. Hana hata macho unayoyaona. Mnyama mkali ukimuona macho unajua kakulenga au hajakulenga, huyu huwezi kujua kama ameshakuona, ana njaa, ana hasira, au amesimama tu. Unabaki unabahatisha.

Swali: Sasa Anko, hope uko poa. Watu husema eti kitu inatisha ni ile hujui. Lakini mimi nimewatch The Thing, na pale kwa ile scene ya kupima damu wanajua kila kitu, wanajua ni nini, wanajua inafanyaje, hata wako na njia ya kuitambua, na bado hiyo ndiyo scene ilinimaliza kabisa. Inakuaje? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Umenibana vizuri wewe, na nilikuwa naombea mtu aulize hili.

Kwa ambao hawajaiona: The Thing ni ya mwaka 1982, ya John Carpenter, watu 12 kwenye kituo cha utafiti cha Wamarekani huko Antaktika, baridi, hakuna pa kukimbilia. Inaanza na mbwa anakimbia kwenye theluji na helikopta ya Wanorwei inamfukuza wanampiga risasi. Wamarekani wanashangaa hawa vichaa wa wapi wanaua mbwa. Mnorwei mmoja anashuka anapiga kelele kwa lugha yake kwamba yule siyo mbwa, jitengeni naye, hakuna hata mmoja anayeelewa, na kwa vile anafyatua risasi ovyo wanamuua. Mbwa wanamkaribisha ndani. Yani mtu pekee anayeijua sheria kaja mbio kuwaambia, kaongea wazi kabisa, na wameua mjumbe wakamfuga adui. Dakika za mwanzo kabisa hizo! Ukijua Kinorwei muvi nzima unapewa mlangoni.

Sasa ile ya kupima damu. MacReady kawafunga wenzake kwenye viti, kachukua damu ya kila mmoja, anachoma waya kwenye moto anautumbukiza. Sheria imeshajulikana: kila kipande cha kile kitu ni kiumbe kamili, hata tone la damu litajitetea likiguswa na moto. Ni sawa, wanajua. Lakini sheria wanayoijua inasema nini? Inasema ni mmoja wenu. Na haisemi kama yule aliyebadilishwa mwenyewe anajijua, muvi haijibu hilo popote, kwa hiyo kila aliyefungwa pale anasubiri majibu ya damu yake kama sisi tunavyosubiri. Kwa hiyo ujuzi wameupata, ila umewapa njia ya kukitambua kitu bila kuwapa mahali pa kusimama. Hiyo mi naiweka kapu lile lile la kutojua, tena kiwango cha juu zaidi. Unajua sheria zote isipokuwa ile inayokuhusu wewe.

Kuna kitu kingine cha 1982 ambacho huwa nakipenda sana. Wiki mbili tu kabla ya The Thing kutoka Marekani, ilitoka E.T. ya Spielberg. Kiumbe toka angani, kibaya sura kwelikweli, kimekunjamana, shingo inarefuka. Watoto wakakililia kama ndugu yao. Tofauti ni nini? Kile kinasema kinataka nini. Kinataka kwenda kwao. Basi, habari imeisha, kila aliyewahi kupelekwa bweni anaelewa. The Thing hakisemi chochote kwa sauti yake mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, kila sauti unayoisikia ni ya kuazima. Na watu wa 1982 walichagua E.T., The Thing ikapata hasara ya maneno na ya hela, ikaja kuheshimika miaka mingi baadaye.

Na usidhani jambo hili ni la Antaktika. Waliokuwepo Pemba na Unguja mwaka 1995 wanakumbuka Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuvamia watu usiku wakiwa wamelala. Watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, wamewasha moto, wanaogopa kulala ndani. Na sheria yake ilijulikana na kila mtu: ukivamiwa lazima uwaambie wenzako, ukinyamaza atarudi. Angalia sheria hiyo ilivyo, anayeogopa kwa siri anaadhibiwa, kwa hiyo kila mtu anakuwa mtangazaji wa hofu, hakuna anayeruhusiwa kukaa nayo peke yake. Ilivuka maji ikafika hadi Dar. Na mwaka huo huo mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi Unguja kwa kudhaniwa ndo yeye. Hapo ile sheria ya "ni mmoja wenu" haikuwa muvi tena, na mi huwa nashindwa kucheka watu wakileta utani wa Popobawa.

Swali: Assalaam alaykum ndugu mwandishi. Mimi naona unatupoteza na mambo ya Wazungu. Sisi tuna majini, mizimu na wachawi, na hizo ni hadithi za kutisha kiasili. Saifai ya kutisha hatuna na hatujawahi kuwa nayo. Au nakosea? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Waalaykum salaam sheikh wangu. Nakubishia kwa heshima, tena pande zote mbili.

Kwanza hizo za majini. Hadithi yenye jini siyo lazima itishe. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, ina ndugu wawili wamegeuzwa manyani na ndugu yao anawachapa kila usiku kwa amri. Ukiisimulia hivyo kwa mtu asiyeijua ataruka. Lakini ukiisoma hutetemeki, kwa nini? Kwa sababu unaambiwa wamefanya kosa gani, nani kawahukumu, na kuna mfalme anasikiliza kesi yote mpaka mwisho. Sheria iko mezani, unabaki unafikiria haki na huruma, hofu haina pa kukaa. Sasa igeuze. Simulia toka ndani ya nyani. Una akili ya mtu, huna ulimi, mlango unafunguliwa kila usiku saa ile ile, anaingia ndugu yako analia machozi na kiboko anacho mkononi, na we hukumbuki vizuri umefanya nini. Matukio ni yale yale, ila hiyo mi siisomi usiku.

Pili, kwamba hatuna saifai ya kutisha. Mumiani je? Wazee wa Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar, kote huko enzi za ukoloni, walikuwa na stori ya wazimamoto. Kwamba wale watu wa gari jekundu hawazimi moto wowote, wanakamata watu usiku, wanawatupa kwenye mashimo, wanawanyonya damu, na damu inakwenda kutengenezwa dawa ya Wazungu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya toka kwa wazee wa Kenya na Uganda na kwenye makaratasi ya kikoloni, kitabu chake kikatoka mwaka 2000, na yeye hakuja kuwacheka, aliyasoma kama namna watu walivyokuwa wanaueleza utawala ule.

Nionyeshe mzimu hapo. Hamna. Kuna gari, kuna mipira, kuna sare, kuna jengo lenye milango mikubwa, kuna dawa, kuna vifaa vya kutoa damu. Vyote ni teknolojia, tena teknolojia ya kweli iliyokuwa barabarani, ambayo ina mwenyewe anayejua ni ya kazi gani, na mwenyewe siyo wewe. Mtaani kwenu hamjawahi kuona nyumba iliyozimwa moto lakini gari linapita usiku. Linakwenda wapi? Hujawahi kuingizwa mle ndani, hujawahi kuulizwa, na mwili wako ndo unaohesabiwa kwenye vitabu vya kodi na kazi. Watu waliijaza ile nafasi tupu kwa mantiki safi kabisa.

Mlinganishe na ile kampuni ya kwenye Alien. Mwajiri ana agizo kwenye kompyuta ambalo we hujaonyeshwa, na kwenye hilo agizo mwili wako ni chombo cha kubebea kitu. Stori ya mumiani ilifika hapo miaka mingi kabla ya 1979, na bila bajeti. Kama kuna kijana mwandishi anatafuta saifai ya kutisha ya Kiswahili, asihangaike kwenda sayari ya mbali, aende kituo cha zimamoto cha mwaka 1930.

Ila niseme kitu, isije ikaeleweka vibaya. Hofu ya aina hii ikitoka kwenye hadithi ikaingia zahanati inaua, watu wanakimbia chanjo, wanapiga wahudumu. Mwandishi anaweza kuitumia na bado akajua hivyo.

Swali: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka tisa, muvi za mabomu anaangalia hata hapepesi macho, lakini kuna katuni moja ya msichana anaingia mlango mdogo anakuta mama mwingine mwenye vifungo machoni, toka aione anakataa kulala chumbani kwake. Ni katuni! Nimkanye au nimuache? (Mama, Mwanza)

Jibu: Salama mama. Usimkanye, mtoto yuko sahihi kuliko sisi. Hiyo ni Coraline, katuni ya 2009. Bomu mtoto anajua ni baya, halijifichi. Yule mama mwingine anapika vizuri kuliko mama wa kweli, ana muda wa kucheza, anacheka, kila kitu kitamu, na bei yake inatajwa mwishoni mezani kwa sauti ya upole: ukitaka kubaki tukushonee vifungo machoni. Mtoto wa miaka tisa dunia yake nzima imesimama juu ya kuwa mama ni mama. Ukichezea hapo umechezea sakafu.

Mlale naye siku mbili tatu, na umuulize yeye mwenyewe akueleze yule mama alikuwa anataka nini na msichana alimshindaje. Mwache asimulie mpaka mwisho, usimsimulie wewe. Na mabomu nayo punguza mama, hayo mengine tutaongea siku nyingine.

Swali: Kaka, zile sauti za AI na nyuso za kutengenezwa zinanitisha kuliko jini. Ni mimi tu? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Siyo wewe tu. Mwaka 1970 mhandisi wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alishaandika kwamba roboti linavyozidi kufanana na mtu tunazidi kulipenda, mpaka likikaribia sana kufanana ghafla tunalichukia, kama kuna bonde pale katikati. Kwa upande wa sauti nenda kamtazame HAL, kompyuta ya kwenye 2001: A Space Odyssey ya 1968. Hafoki hata mara moja. Anaua watatu waliolala usingizi wa safari na unachokiona ni mistari tu kwenye skrini inanyooka, na huku kwa yule aliyebaki nje anaomba radhi kwamba hawezi kumfungulia mlango. Angefoka ungejua umemuudhi, ungejua hata pa kuanzia kumbembeleza.

Swali: Anko mi ni mwandishi chipukizi, nimeandika hadithi ya jini ndani ya chombo cha angani cha Watanzania, mwaka 2190. Nimewapa washkaji wanne wasome, wote wamecheka, na mi nilitaka waogope. Nimekuambatanishia kurasa kumi. Nikosoe bila huruma. (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Bila huruma umesema mwenyewe. Nimesoma zote kumi.

Kwanza jipe moyo. Dan O'Bannon, aliyeandika Alien, miaka mitano kabla yake alikuwa kwenye muvi inaitwa Dark Star, ya 1974, aliyoiongoza huyo huyo John Carpenter wa The Thing kabla hajajulikana. Mle ndani kuna kiumbe wa anga pia, analeta fujo ndani ya chombo, na kiumbe chenyewe ni mpira wa ufukweni wameuwekea miguu. O'Bannon ndo anaigiza jamaa anayeufukuza. Ni vichekesho kabisa. Wazo ni lile lile la kiumbe kwenye chombo, kichwa ni kile kile, mara ya pili akaamua liwe la kutisha na dunia nzima ikapiga kelele. Kwa hiyo wazo lako la jini wala halina kasoro.

Shida iko ukurasa wa pili. Jini lako linatokea, linataja jina lake, linasema lina umri wa miaka 3,000, linasema limekasirishwa na nini na linataka nini. Ndugu yangu, hilo limeshajaza fomu! Likishajieleza hivyo msomaji anasubiri waelewane tu. Na kila likitokea unaandika "la kutisha", "giza nene", "sauti ya kuogofya". Futa yote. Ukimwambia msomaji aogope anakukagua kama kweli.

Ukurasa wa tano ndo una kitu, na sidhani kama umekiona. Fundi wa injini anamwaga chumvi kwenye kizingiti cha mlango kila akimaliza zamu, na umeandika kama kautani kuhusu bibi yake wa Pangani. Hapo hapo ndo pa kuanzia stori. Mtoe bibi. Usieleze. Mfanye nahodha amuulize anafanya nini, fundi aseme aa, tabia tu. Siku inayofuata chumvi ipo. Siku nyingine imefagiliwa, na kwenye ratiba ya usafi hakuna jina la mtu siku hiyo. Fundi anaacha kulala kwenye kitanda chake na hasemi kwa nini. Sasa kuna mtu mmoja ndani ya chombo anajua sheria, na hawezi kuisema, labda akiisema inakuwa kweli, labda anaogopa kucheka kwa wenzake na shahada zao. Msomaji wako atakuwa anamtazama fundi kuliko jini.

Na wape kazi hao watu. Umewaweka saba kwenye chombo na hakuna hata mmoja anayelalamikia posho. Nani anapika? Nani ana zamu mbili kwa sababu mwenzake mgonjwa? Ukitujengea kawaida yao tukaizoea, ukiondoa kijiko kimoja tu tunashtuka. Usipoijenga hata ukiangusha sayari tunafunua ukurasa.

Kitu kimoja tu nisikubaliane na wanaokushauri mtandaoni: usiogope kumaliza bila kumshinda jini, lakini usimalize kwa kuwa yote ilikuwa ndoto. Hiyo tutakucheka na mimi nikiwemo.

Swali: Swali fupi tu. Kuna Alien ya 1979 na kuna nyingine ya muongozaji ya 2003. Nianze na ipi? Na zile zilizofuata vipi? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Anza na ya 1979. Ile ya 2003 Ridley Scott kapunguza hapa na pale, karudisha na vipande vilivyokatwa, kikiwemo kimoja Ripley anamkuta Dallas, nahodha wao, amenatishwa ukutani bado yuko hai. Ni kizuri chenyewe, ila kinaanza kukueleza kiumbe kinafanyaje watu wake, na kinapunguza mbio pale ambapo muda unamuishia.

Aliens ya 1986 ya James Cameron ni tamu sana, ila ile ni vita. Wanajeshi wana bunduki, wana mtu aliyewahi kukutana nacho anawaeleza kila kitu, na wote tunajua damu ni asidi. Angalia lakini Cameron alivyo mjanja, alipotaka kutisha kweli aliwaingiza chini ya mitambo ya kupoza kinu cha nyuklia, akawafanya waamriwe kukabidhi risasi. Na zile za 2012 na 2017 zinazoeleza kiumbe kilitoka wapi na nani alikitengeneza, ziangalie ukishamaliza zote, kama una muda. Mi nililala katikati ya moja wapo, sisemi ipi.